Shairi Liko Wapi? Kunguru na Mwewe wa Buson

Mwalimu aliipanua picha kwa vidole viwili, akapanda nayo juu, akashuka nayo chini, akachungulia pembe zote nne. Kisha akanirudishia simu na kuvuta kikombe chake cha chai.

"Shairi liko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimemwonyesha michoro miwili ya Yosa Buson ambayo hutundikwa pamoja, na ambayo siku hizi inatunzwa katika Jumba la Makumbusho la Kitamura, Kyoto. Katika mmoja, mwewe ameng'ang'ania tawi huku mvua na upepo vikimchapa. Katika wa pili, kunguru wawili wamebanana, theluji imewazunguka, na anga nyuma yao ni wino mzito. Kuna sahihi ya mchoraji. Basi.

Mwalimu ni mstaafu na mtunzi wa mashairi wa miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjaza maneno kwamba Japani ya karne ya 18 ilikuwa na wachoraji wasomi, bunjin, ambao kwao shairi, mwandiko na picha vilikuwa kazi moja ya brashi moja, na kwamba Buson alikuwa bingwa wa yote. Alipotaka ushahidi, nikamletea kunguru.

Nikasema neno, nikageuza mazungumzo. Swali lile halikuniacha kwa majuma.

## Ndege haji peke yake

Chanzo cha fahari ya wasomi hawa ni kauli ya Su Shi, mshairi wa China wa karne ya 11. Alisema kuhusu Wang Wei, aliyeishi karne tatu kabla yake, kwamba ukiyaonja mashairi yake utakuta picha ndani, na ukizitazama picha zake utakuta shairi. Wajapani waliishika kauli hiyo kwa mikono miwili.

Lakini waliishika wakiwa mbali. Utawala wa Tokugawa uliwakataza Wajapani kusafiri nje, kwa hiyo wasomi wa Kyoto na Edo, yaani Tokyo ya leo, walichora milima ya China ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Walikuwa na vitabu, hasa ule mwongozo wa uchoraji uitwao Bustani ya Mbegu ya Haradali, ambao sehemu yake ya kwanza ilitoka China mwaka 1679. Na walikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi kwa meli za China, Nagasaki. Mwaka 1731 akashuka hapo mchoraji Shen Nanpin, akaondoka 1733. Kwa muda huo mfupi aliacha namna ya kuchora ndege na maua kwa rangi tele, unyoya kwa unyoya, ambayo ilienea nchini hata baada ya yeye kurudi kwao. Buson mwenyewe alijifunza kutoka kazi zake.

Wakati huo Japani ilikuwa na ndege wake tayari, na hao walitoka kwenye mashairi. Mwaka 1214 mshairi Fujiwara no Teika alitunga waka, mashairi mafupi ya Kijapani, za miezi 12, kila mwezi na ua lake na ndege wake. Mwezi wa nane bata bukini na ua la hagi, wa tisa kwale na nyasi za susuki, wa kumi na mbili ua la mti wa ume lililowahi kuchanua na ndege wa majini. Wachoraji walizirudia jozi hizo kwa karne nyingi. Ukiona kwale kwenye karatasi, umeshaambiwa mwezi, umeshaambiwa hali ya moyo, na mashairi ya watu waliokwisha kufa yamepita kichwani kabla hujatazama mdomo wake umechorwaje.

Niseme ukweli, wingi wa michoro hiyo hunichosha. Yamamoto Baiitsu wa Nagoya, aliyefariki 1856, alikuwa na mkono mwepesi ajabu, na ndege wake ni wazuri kama mtu anavyotaka ndege wawe wazuri. Nikitazama kadhaa mfululizo naanza kuona uungwana tu. Kila kitu kiko mahali pake, na hakuna anayesikia baridi.

Kunguru wa Buson wanasikia baridi.

## Pale shairi linapoonekana

Ili nimjibu Mwalimu, nilirudi kwanza kwa michoro yenye shairi juu yake, nione shairi lile linafanya kazi gani.

Chukua Ema Saikō wa Ōgaki, aliyezaliwa 1787. Alichora mianzi kwa wino mtupu na kutunga mashairi kwa Kichina, lugha ya wasomi wanaume. Mshairi na mwanahistoria Rai San'yō alitaka kumwoa, baba mtu akakataa. Saikō hakuolewa maisha yake yote. San'yō akabaki mwalimu wake wa mashairi, akimsahihishia tungo mpaka kifo kilipomchukua mwaka 1832. Saikō alifariki 1861, na diwani yake ikachapishwa miaka 10 baadaye.

Mwanzi ni mali ya umma. Kila msomi alichora mwanzi, kwa sababu unapinda bila kuvunjika na ndani ni mtupu, jambo walilolifananisha na mtu mwadilifu asiye na majivuno. Bila maneno, mwanzi wa Saikō ni mwanzi mzuri miongoni mwa maelfu. Shairi likikaa pembeni mwake kwa mwandiko wake, mwanzi ule unapata mwenyewe. Ni wake yeye, mwanamke wa Ōgaki, siku fulani, akiwa na fikira fulani.

Tokuyama Gyokuran wa Kyoto alifanya jambo kama hilo kwa njia nyingine. Alilelewa kwenye nyumba ya chai eneo la Gion, ambako bibi yake na mama yake walikuwa washairi wa waka wenye jina. Yeye akaolewa na mchoraji Ike no Taiga, akawa mchoraji kamili, na akawa anaandika waka zake juu ya michoro yake kwa herufi za Kijapani zinazotiririka, mpaka mtu asijue vizuri mstari wa jani unaishia wapi na mstari wa shairi unaanzia wapi.

Kwa hiyo shairi lililoandikwa linamtambulisha mwenye mkono. Hilo nililielewa. Lakini lilizidi kunitatiza, maana Buson alikuwa mshairi kuliko wote hao, na hapa amenyamaza.

Tena hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa hodari wa haiga, mchoro wa haraka unaokwenda na hokku, lile shairi fupi la mizani 17. Mwaka 1776 alimwandikia mwanafunzi wake Kitō kwamba katika michoro ya namna hiyo haoni wa kulingana naye nchi nzima. Mtu anayejisifu hivyo anajua fika mahali pa kuweka maneno. Kama hakuyaweka, alikusudia.

## Kunguru tunayemjua

Kunguru si ndege wa maua. Kwetu pwani hahitaji utambulisho. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kula taka, akazaana, akavuka bahari hadi bara, na leo hakuna mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayemtungia kasida. Mwewe naye, anayepokonya samaki sokoni, ni ndugu wa karibu kabisa wa mwewe wa Buson.

Wajapani nao hawakumpenda kunguru wao. Najua hivyo kwa sababu mshairi Matsuo Bashō, bingwa wa hokku aliyefariki 1694, miaka 22 kabla Buson hajazaliwa, alisema hivyo wazi katika hokku moja. Nimejaribu kuiweka katika mizani yake, tano, saba, tano:

*Hata kunguru*
*ninayemchukia,*
*kwenye theluji!*

Asubuhi imeniponyoka. Katika shairi la Bashō ni asubuhi ya theluji, na ndege yule wa kuchukiza kila siku ghafla anatazamika, mweusi juu ya weupe.

Nilipokumbuka hokku hiyo nikaketi vizuri. Kunguru, theluji. Halafu nikamkumbuka mwewe. Mukai Kyorai, mwanafunzi wa Bashō, ana hokku iliyo katika diwani ya Sarumino ya mwaka 1691:

*Mbawa za mwewe*
*nazo zimenyooshwa:*
*mvua ya kwanza*

Hiyo ni mvua ya mwanzo wa kipupwe cha kule, inayopita na kuondoka. Manyoya ya mwewe yamelala sawasawa.

Mwewe kwenye mvua na kunguru kwenye theluji. Mashairi mawili ya ukoo mmoja wa washairi, na michoro miwili ya mtu aliyeishi ndani ya ukoo huo.

Nilifurahi sana usiku ule. Kesho yake nikaanza kujitilia shaka.

## Je, naona ninachotaka kuona?

Mtu akitafuta shairi kwa hamu atalikuta hata kwenye risiti ya duka. Ndege wawili wa kawaida, hali mbili za hewa za kawaida. Huenda Buson alichungulia dirishani tu.

Kilichonirudishia imani ni jinsi mtu huyu alivyoishi. Mwaka 1770 alirithi jina la Yahantei, kiti cha ushairi cha marehemu mwalimu wake. Mwaka 1776 yeye na wenzake walikubaliana kukijenga upya kibanda cha kumkumbuka Bashō katika hekalu la Konpukuji, Kyoto, na huko ndiko Buson mwenyewe alikozikwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1770 alinakili kwa mkono wake masimulizi ya safari ya Bashō ya kaskazini, yote, akayatia michoro, na akafanya hivyo zaidi ya mara moja. Sahihi iliyo kwenye mwewe na kunguru, Shain, ni ile aliyoitumia miaka yake ya mwisho, kuanzia 1778. Mtu wa namna hiyo hachori kunguru kwenye theluji bila Bashō kupita chumbani. Wala rafiki zake washairi, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wateja wake, wasingemtazama kunguru yule bila kusikia kitu.

Kisha nikafika kwenye utangulizi alioandika 1777 kwa diwani ya rafiki yake marehemu, Shōha. Anasimulia kwamba Shōha alimuuliza siri ya haikai, ushairi ambao hokku ni sehemu yake. Akamjibu kwamba ni kutumia lugha ya mtaani na wakati huohuo kuuepuka umtaani. Shōha akauliza njia ya kufika huko. Buson akamwambia asome mashairi ya Kichina. Shōha akashangaa, maana mashairi ya Kichina na haikai ni vitu viwili mbalimbali. Hapo Buson akamjibu kwa hoja ya wachoraji, ileile ya Bustani ya Mbegu ya Haradali: hakuna dawa ya kuondoa uduni katika picha ila kusoma vitabu vingi, kwa kuwa ukisoma, pumzi ya vitabu hupanda na pumzi ya sokoni hushuka.

Niliusoma mara mbili. Swali ni la ushairi, jibu linatoka kwenye uchoraji, na dawa ni kusoma.

Nilikuwa nikiutafuta uhusiano wa shairi na picha juu ya karatasi, kwenye kona iliyoachwa wazi kwa ajili ya maandishi. Buson anauweka kabla ya karatasi, ndani ya mtu aliyesoma, na anategemea kuukuta tena kwa mtazamaji.

## Kujibu

Nilirudi kwenye picha nikiwa na mashairi yote mawili mkononi, na hapo mambo yakaharibika kwa namna nzuri.

Picha hazilingani na mashairi.

Kunguru wa Bashō yuko asubuhi. Uzuri wake ni ule weusi juu ya mwanga. Buson amewatia kunguru wake kwenye giza. Anga ni la wino, nao ni wa wino, na weupe umebaki kwenye theluji tu. Tena Bashō ana kunguru wa kutazamwa, na Buson ana wawili walioegemeana ambao hawajali kama kuna anayewatazama.

Mwewe ndiye aliyenifungua macho zaidi. Hokku ya Kyorai haikukaa peke yake katika Sarumino. Ilifungua mnyororo wa beti 36, aina iitwayo kasen, ambapo washairi huketi pamoja na kupokezana. Aliyepokea kutoka kwa Kyorai alikuwa Bashō mwenyewe, na jibu lake ni kwamba upepo ulivuma mara moja, kisha majani yakatulia. Kyorai amemtengeneza mwewe manyoya, Bashō akayatuliza majani. Kila kitu kimetua.

Kwa Buson hakuna kilichotua. Upepo unaendelea. Mwewe hajanyoosha unyoya hata mmoja, amekaza kucha.

Katika kasen, anayepokea ubeti harudii yaliyosemwa. Anashika uzi, kisha anageuka, na akibaki palepale ameharibu mchezo. Haiga nayo hutaka picha isirudie maneno ya shairi. Nikaanza kumwona mwewe wa Buson kama ubeti uliochelewa karibu miaka 90: ninyi mlisema mvua imepita, mimi naona bado inanyesha. Mtu aliyekulia kwenye mashairi ya kujibizana ya pwani hashangai. Malenga anayejibu hushika hoja ya mwenzake ili aipeleke pengine, na wasikilizaji hawahitaji kusomewa tena utungo wa kwanza.

Kuandika hokku ya Kyorai juu ya mwewe yule kungekuwa kurudia hoja ya mwenzako kabla ya kumjibu, na Buson hakuwa na haja hiyo kwa watu aliowachorea.

## Mwalimu hakukubali

Nilimpelekea yote haya, nimejaa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shairi lisiloandikwa halina mizani," akasema. "Na kama lazima nisome mzee Bashō ndipo nimwone kunguru, basi kunguru ana upungufu."

Pingamizi la kwanza ni la mwanamashairi, nikaliacha. La pili ni zito, na limewahi kusemwa na mtu mwenye nguvu. Mwaka 1882, mjini Tokyo, Mmarekani Ernest Fenollosa alitoa hotuba iliyotikisa sanaa ya Japani. Aliwahimiza Wajapani wathamini uchoraji wao wenyewe, lakini uchoraji wa wasomi aliutenga na kuushambulia, kwa hoja kwamba unaifuata fasihi badala ya kusimama kama picha. Hotuba ile iliiumiza sana heshima ya bunjin.

Huwa namjibu Fenollosa kichwani kwa hasira, kisha napoa, kwa sababu ipo michoro ambayo maneno yake yanaihusu kabisa. Ipo mianzi mingi dhaifu inayobebwa na shairi zuri, na ipo jozi ya ndege uguisu na ua la ume iliyochorwa kwa sababu tu imeandikwa kwamba ndivyo ilivyo. Anayesoma sana huweza kuacha kutazama. Buson alipomshauri Shōha asome vitabu, hakusema hatari hiyo, labda kwa kuwa yeye haikumpata. Mtu aliyetunga kwamba ua la peoni limepukutika, petali mbili tatu zimelaliana, alikuwa ameinama akatazama chini. Hakuna kitabu kinachokwambia ni mbili au tatu.

Kwa kunguru, basi, simkubalii Mwalimu wala Fenollosa. Mtu asiyejua Bashō ni nani anawaona ndege wawili katika baridi kali na inamtosha. Anayejua anasikia mabishano. Picha haimpunji wa kwanza ili imlipe wa pili, na kwa kipimo hicho ndege wengi wa Baiitsu wananipungukia, wakiwa na shairi juu yao au bila shairi.

Mwalimu alisema atafikiri. Akaongeza kwamba mwewe ni mzuri.

## Ndege wa mwisho, ua la mwisho

Buson alifariki Kyoto alfajiri moja ya Januari 1784 kwa kalenda yetu. Usiku ule alimwita mwanafunzi wake Gekkei aandike, akamtamkia hokku tatu.

Ya kwanza ina uguisu, ndege mdogo mwenye sauti tamu, wakati wa baridi, kwenye uzio wa Wang Wei wa zamani. Ya pili, uguisu tena, anachakura kitu kichakani penye jalidi. Ya tatu ndiyo maarufu: tangu sasa kila usiku utapambazukia kwenye ua jeupe la ume. Aliagiza hii ya mwisho ipewe kichwa cha mwanzo wa majira ya kuchipua.

Ndege, na ua, na katikati yao Wang Wei, yuleyule wa picha ndani ya shairi. Ningeyasoma haya kwenye hadithi ya kubuni ningesema mwandishi amezidisha.

Gekkei ndiye aliyeshika brashi usiku ule. Tunamjua zaidi kwa jina la Goshun, maana miaka michache baada ya mazishi alisogea upande wa Maruyama Ōkyo, bingwa wa kuchora kwa kutazama kitu chenyewe, na kutoka hapo ikazaliwa shule ya Shijō iliyoitawala Kyoto katika karne ya 19. Mteja wa Shijō angeweza kununua kunguru na kumfurahia bila kuwa amesoma hata ubeti mmoja, na wateja wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko washairi.